Ukiwa Lyon, Kula Mchana

Wadogo zangu, kuna barua imenichekesha halafu ikanifikirisha. Mwenzenu, mtaalamu wa maabara, anakwenda Lyon, Ufaransa, kwa mafunzo ya wiki tatu. Si yeye peke yake anayepata safari kama hiyo: lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lina makao yake Lyon tangu 1965, na Interpol nao wamekaa huko tangu 1989. Watu wetu wa afya na wa polisi wanaujua mji huo. Huyu mdogo wangu masomo hayamtishi hata kidogo. Anachoogopa ni kula. Ameambiwa huo ndio mji wa chakula Ufaransa nzima, na sasa anawaza bei, lugha, nguruwe, uma tatu mezani, mhudumu wa kumtazama juu mpaka chini. Anauliza, "Dada, nibebe unga wa sembe na dagaa?"

Dagaa beba, mdogo wangu. Samaki wakavu wa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Ulaya. Nyama ya kukausha na maziwa ndivyo usijaribu, utanyang'anywa uwanja wa ndege mbele za watu. Ila ukikaa wiki tatu Lyon ukisonga ugali kwenye chumba cha hoteli, mimi na wewe tutagombana.

Kwanza nikuondolee hofu, maana wengi mnadhani chakula cha Kifaransa maana yake ni chakula cha mabwana. Kwa Paris labda. Lyon imepata jina kwa mikono ya watumishi wa ndani. Mwandishi wa mambo ya mapishi aliyejiita Curnonsky ndiye aliyeutangaza mji huo kuwa makao makuu ya mapishi ya dunia, mwaka 1935, na waliokuwa wameshika majiko yenye sifa wakati ule walikuwa wanawake walioitwa mères, yaani akina mama. Wengi wao walikuwa wapishi wa nyumbani kwa matajiri. Kazi ilipokwisha, kila mmoja akafungua kijimgahawa chake, akapika vyakula vichache anavyovijua sawasawa, kila siku vilevile. Ukitaka kumwelewa mère wa Lyon, mfikirie mama ntilie aliyepika vizuri mpaka mawaziri wakaja kupanga foleni.

Aliyevuma kuliko wote ni Eugénie Brazier. Alizaliwa 1895 kijijini, mama yake akafariki yeye akiwa mtoto wa miaka kumi tu, akalelewa kwa kuchunga na kufanya kazi kwenye mashamba ya watu. Mwaka 1914 akazaa nje ya ndoa, baba akamfukuza. Akaenda Lyon kuwa mtumishi wa ndani, kutoka hapo akaingia jikoni kwa Mère Fillioux, mama aliyekuwa akizunguka mezani mwenyewe na kisu chake kidogo kuwakatia wateja kuku. Mwaka 1921 Brazier akafungua pake, mtaa wa Royale namba 12. Mwaka 1933 mwongozo wa Michelin ukampa nyota tatu kwa mgahawa huo wa mjini, na nyota nyingine tatu kwa ule wa mlimani, Col de la Luère. Hakuna aliyewahi kushika nyota sita kabla yake, mwanamume wala mwanamke, na rekodi hiyo haikufikiwa mpaka 1998, alipofika mpishi Alain Ducasse. Paul Bocuse, ambaye baadaye Wafaransa walimfanya karibu baba wa wapishi wote, alipita mikononi mwa mama huyo baada ya vita kuu ya pili. Kabla ya kukabidhiwa sufuria alikamua ng'ombe, akafua, akapiga pasi. Kuku wa Brazier, yule anayeingizwa vipande vyeusi vya uyoga wa truffle chini ya ngozi halafu akachemshwa taratibu, bado anapikwa mtaa uleule wa Royale. Bei yake sasa si ya posho ya semina, lakini pita nje usome menyu. Kusoma ni bure, na sheria inawataka waibandike mlangoni.

Nimekusimulia haya usije ukaingia mgahawani Lyon umejikunyata kama unayekwenda kwenye usaili. Mhudumu hana cheo juu yako. Na vyakula vyenyewe, mdogo wangu, vingi ni utumbo.

Mahali pa kuanzia panaitwa bouchon. Ni mgahawa mdogo wa kienyeji: vitambaa vya mirabamiraba myekundu na myeupe, meza zimebanana, ukutani sufuria za shaba na picha za zamani. Usitegemee faragha. Mimi nilikalishwa katikati ya mzee na gazeti lake upande mmoja, na mume na mke waliokuwa wakigombana kwa kunong'ona upande wa pili, na mpaka jibini inaletwa mzee alikuwa ameshanionyesha kwa kidole kipi niagize na kipi niache. Mvinyo huletwa katika chupa nene ya kitako kizito iitwayo pot, ujazo wake sentilita 46, na ndani mara nyingi ni Beaujolais au Côtes du Rhône, kwa sababu mashamba ya mizabibu yako jirani kaskazini na kusini ya mji. Kama hunywi, hunywi. Hakuna atakayekuuliza sababu.

Zamani waliovijaza vijimgahawa hivyo walikuwa wafumaji wa hariri, canuts, wa kule juu kwenye kilima cha Croix-Rousse. Walikuwa wameshafanya kazi saa nyingi kabla jua halijapanda, kwa hiyo asubuhi hiyohiyo, wakati wengine wanakunywa kahawa, wao walikaa kula utumbo, soseji na mvinyo. Mlo huo unaitwa mâchon, na bado kuna bouchon zinazouandaa asubuhi. Mtu aliyezoea supu ya makongoro saa mbili asubuhi hawezi kushangaa.

Sasa tuje kwenye sahani zenyewe. Tablier de sapeur ni utumbo wa ng'ombe, ile sehemu ya vyumbavyumba. Unachemshwa mpaka unalainika, unalowekwa kwenye mvinyo mweupe, unapakwa chenga za mkate, unakaangwa mpaka unakuwa wa dhahabu. Nje unalia kaukau, ndani unanata kidogo. Pembeni wanakuwekea sosi ya mayai na achari. Mimi naupenda kupita kiasi. Andouillette ni habari nyingine: soseji ya utumbo iliyojazwa utumbo. Ukiikata, vipande vinamwagika sahanini na harufu inakupanda puani, harufu ya utumbo ambao mama yako angekurudisha bombani ukaoshe tena kwa ndimu. Kuna wanaoiapia. Onja ya mwenzako kwanza.

Kama utumbo si wako, agiza quenelle de brochet. Wanachukua samaki wa mtoni aitwaye brochet, ambaye ana miiba ya kukera, wanamsaga, wanachanganya na mayai, unga na siagi, wanatengeneza donge refu laini. Likiingia kwenye oveni linaumuka mpaka linajaa bakuli, limeogelea kwenye sosi ya kamba wa mtoni yenye rangi ya chungwa iliyoiva. Kuna pia keki ya maini ya kuku yenye sosi ya nyanya, kuku wa siki, kuku wa krimu. Na kuna kitu kinaitwa cervelle de canut, ambacho jina lake linatisha bure, maana ukilitafsiri ni ubongo wa mfumaji. Hakuna ubongo humo. Ni jibini changa kama mtindi mzito, iliyopigwa pamoja na vitunguu, majani mabichi, siki na mafuta, unapaka kwenye mkate au viazi. Tamati, agiza kipande cha tarte à la praline. Ni pai ya lozi za sukari iliyopakwa rangi, nyekundu mpaka unadhani wametania. Ni tamu ya kuumiza meno. Kipande kimoja kigawaneni wawili.

Ngoja, swali la nguruwe. Barua ilikuwa na mistari mingi juu yake na sitalipitia juujuu. Mdogo wangu, bouchon ni nyumba ya kitimoto. Wanaanza na ngozi na mafuta yake yaliyokaangwa, gratons, wanaendelea na soseji, na hata saladi inayobeba jina la mji, ile ya majani machungu na yai laini juu, imemwagiwa vipande vyake. Na sosi nyingi zimetiwa mvinyo. Kwa hiyo kama unachunga halali kikamilifu, sikudanganyi: bouchon si mahali pako pa kushibia. Huna hasara, kwa sababu mtaa wa Guillotière, kituo kimoja cha metro kutoka katikati ya mji, umejaa migahawa ya watu wa Maghreb, ya Wavietinamu na ya wengine wengi. Lyon ina Waislamu wengi na msikiti mkuu uliofunguliwa 1994. Uliza kama nyama ni halali, wataalamu wa kukujibu wapo. Couscous ya Ijumaa pale inalika mpaka unafungua kifungo.

Kama wewe humli nguruwe tu lakini mengine unakula, jifunze maneno mawili, "sans porc", yaani bila nguruwe, na uyaseme kabla ya kuagiza, usingoje sahani ifike. Saladi watakutengenezea bila vile vipande. Kwenye quenelle uliza sosi ina nini. Usione haya kuuliza. Katika mgahawa mzuri wa Lyon mpishi anajua kuku wake ametoka shamba gani, na mhudumu hujisikia vizuri kuulizwa. Akikunja uso kwa swali la heshima, hapo ndipo unapojua umeingia pasipostahili.

Haya, pesa. Ushauri wangu mkubwa ndio huo niliouandika juu: kula mchana. Mlo wako mkubwa wa siku uufanye mchana, usiku ujipoze na mkate, jibini na matunda. Migahawa mingi mizuri ina bei maalumu ya mchana siku za kazi, kwa wafanyakazi wa ofisini. Ubaoni utaona formule, yaani sahani mbili au tatu kwa bei moja, mara nyingi kati ya euro 18 na 25. Usiku, mpishi yuleyule, meza ileile, inakuwa 35 na kuendelea. Hata kwenye migahawa ya nyota, mchana ndio mlango wa maskini. Ukitaka kujipongeza mara moja kabla hujarudi nyumbani, weka nafasi ya mchana wa siku ya kazi.

Menyu ya bei moja, sahani zake zina mpangilio: entrée ni cha kuanzia, plat ndicho chakula chenyewe, halafu jibini au kitamu. Mmarekani anaita entrée chakula kikuu, ndiyo maana wageni wengine wanabaki na saladi wakingoja nyama isiyokuja. Chagua mbili kama tumbo lako dogo. Nyama ya ng'ombe utaulizwa iiveje, na kwa sisi tusiopenda damu sahanini jibu ni "bien cuit". Mpishi ataumia moyo. Muache aumie, wewe ndiye unayekula. Samaki na kuku hawana maneno mengi.

Maji omba "une carafe d'eau". Ni maji ya bomba, safi, bure, na kwa sheria yao mgahawa unapaswa kuandika mahali panapoonekana kwamba yapo. Ukisema "maji" tu, utaletewa ya chupa, na utayalipia. Mkate nao haulipiwi, ukiisha wanaongeza. Uweke juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, na sosi ikibaki ipanguse nao, hasa kwenye bouchon. Soda ni ghali ajabu. Bei unayoiona imeshajumlisha kodi na huduma, kwa hiyo usijisumbue na hesabu za bakshishi za Marekani. Umefurahi, acha euro moja mbili mezani. Hukufurahi, usiache kitu. Chakula kikikushinda omba wakufungie. Tangu Julai 2021 sheria inawataka wakupe cha kubebea, ingawa kuna wahudumu bado wanashangaa ukiomba.

Wapi pa kuingia? Mji mkongwe, Vieux Lyon, ni mzuri kwa macho. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 1998. Lakini ule mtaa wa Saint-Jean umejaa vibao vya "bouchon" vilivyochapishwa kwa lugha tano na picha za chakula, na kijana mlangoni anakuvuta mkono. Popote unapovutwa mkono, pita. Mgahawa wenye wateja wake hauna haja ya kukukamata. Tangu 2012 kuna alama ya Les Bouchons Lyonnais inayobandikwa kwenye milango ya migahawa iliyokaguliwa, itafute. Au panda metro laini C mpaka Croix-Rousse, ule walikokula wafumaji. Huko menyu ni fupi na imeandikwa kwa chaki, na chaki ni dalili njema, maana wanafuta kila siku.

Saa zao ndizo zitakazokutesa. Jiko linafunguka saa sita mchana, na ikifika saa nane hupati kitu. Kisha kimya mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Ukitoka darasani saa tisa alasiri na njaa, utazunguka mpaka ulie. Kimbilia brasserie, ile migahawa mikubwa ambayo mingi haifungi katikati ya mchana; kuna Brasserie Georges karibu na stesheni ya Perrache, ipo tangu 1836, ukumbi mkubwa kama wa harusi. Jumapili na Jumatatu migahawa mingi inapumzika. Agosti wengine wanafunga kabisa wanakwenda likizo. Soko la ndani la Halles, lililopewa jina la Paul Bocuse, nalo halifunguliwi Jumatatu, kwa hiyo nenda Jumamosi asubuhi. Tafuta jibini ndogo ya Saint-Marcellin, ile iliyoiva mpaka inatiririka, nunua na mkate, ukale ukingoni mwa mto Rhône. Hiyo nayo ni kula nje, na haifiki hata nusu ya bei ya mgahawani.

Weka nafasi mapema. Bouchon yenye watu ishirini na tano haina meza ya akiba. Ukichelewa zaidi ya robo saa bila kupiga simu, meza inakwenda kwa mwingine, na saa ya Kiafrika haitakutetea. Huendi tena? Piga simu uwaambie. Kukaa kimya ni kumnyima mtu riziki.

Ukiingia, salamu kwanza. "Bonjour, madame." "Bonjour, monsieur." Hapa sisi hatuna shida, tumelelewa kwa salamu, lakini nimeona watu wetu wakifika Ulaya wanaanza kuiga ukimya wa treni. Lyon ukianza na swali kabla ya salamu, umeshajiharibia mlo mzima. Subiri uonyeshwe meza, usijikalishe. Mhudumu usimwite kwa mluzi wala ile "psss" yetu. Inua mkono kidogo, sema "s'il vous plaît". Nawa mikono msalani kabla hujakaa, hakuna birika litakalozungushwa. Suti si lazima. Nguo safi inatosha, na kitenge chako kilichoshonwa vizuri kitasifiwa mpaka ujisikie vibaya.

Bili haiji yenyewe. Unaweza kukaa saa nzima umemaliza kahawa, na hawatakuletea, kwa sababu kwao kuleta bili bila kuombwa ni kukufukuza. Sema "l'addition". Na hapo ndipo urafiki wa kikazi unapopimwa. Wenzako wa mafunzo wakisema twende tukale pamoja, maana yake kila mtu na pochi yake. Usimkasirikie anayetoa simu na kupiga hesabu ya kahawa yake peke yake. Hajakudharau, ndivyo walivyo. Wewe nawe lipa chako, usijitutumue kulipia meza nzima ili uonekane una roho kubwa, kwa sababu hakuna atakayekumbuka kukurudishia. Lakini bosi akisema "je vous invite", hapo mlo ni wake. Acha pochi yako ndani ya mkoba, angalia yeye ameagiza cha bei gani usimpite, na kesho yake ukimkuta kwenye ngazi mshukuru tena.